Urekebishaji wa kikazi: Mbona mwanamke mlemavu huishia penye cherehani?

KILA mara taifa linapozungumzia ajira ya watu wenye ulemavu, hesabu inayotajwa ni moja: asilimia tano. Na kila mara linapozungumzia nafasi ya wanawake katika utumishi, hesabu inayotajwa ni nyingine: kwamba jinsia moja isizidi thuluthi mbili. Ni nadra hesabu hizo mbili kukutanishwa katika ukurasa mmoja. Mwanamke mwenye ulemavu, ambaye anahusika na zote mbili, hubakia kama mgeni wa nyumba mbili ambaye kila mwenyeji hudhani amekwisha kulishwa na jirani.

Pengo hilo hudhihirika hasa katika urekebishaji wa kikazi, yaani huduma zinazomwandaa mtu mwenye ulemavu kuingia kazini, kurejea kazini baada ya ajali au maradhi, au kubadilisha kazi aliyokuwa akiifanya.

Huduma hizo si kozi ya ufundi pekee. Huanza kwa uchunguzi wa uwezo wa mhusika, zikafuatwa na ushauri wa kuchagua kazi, mafunzo, vifaa vya kutendea kazi, kutafutiwa nafasi, na mwishowe kufuatiliwa ili ijulikane kama amedumu kazini. Ni mnyororo, na mnyororo hukatika penye pete iliyo dhaifu. Kwa mwanamke, pete dhaifu huwa nyingi kuliko kwa mwanamume.

Hesabu ya watu

Kulingana na matokeo ya sensa ya 2019, Wakenya 918,270 wenye umri wa miaka mitano na zaidi walikuwa na ulemavu wa aina moja au nyingine. Kati yao, wanawake walikuwa 523,883 na wanaume 394,330. Kwa maneno mengine, katika kila watu 100 wenye ulemavu, 57 walikuwa wa kike. Ulemavu uliripotiwa kwa asilimia 2.5 ya wanawake, ikilinganishwa na asilimia 1.9 ya wanaume.

Sensa hiyo pia ilionyesha kuwa kiwango cha ulemavu mashambani kilikuwa asilimia 2.6, nacho cha mijini asilimia 1.4.

Takwimu hizo mbili zikiwekwa pamoja, zinaeleza jambo muhimu. Mtu wa kawaida anayehitaji urekebishaji wa kikazi nchini si kijana wa kiume aliyeumizwa na mashine kiwandani. Yaelekea zaidi kuwa ni mwanamke anayeishi kijijini, ambaye hajawahi kuandikwa kazi ya mshahara. Hata hivyo, mfumo wenyewe ulibuniwa kwa kumfikiria yule wa kwanza.

Chimbuko ni askari

Urekebishaji wa kikazi wa kisasa ulizaliwa vitani. Wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, mataifa yaliyopigana yalijikuta na maelfu ya vijana waliopoteza mikono, miguu na macho. Marekani ilipitisha sheria ya kuwarekebisha askari wake mnamo 1918, kisha ikaipanua huduma hiyo kwa raia mnamo 1920. Nchini Uingereza, sheria ya ajira ya walemavu ya 1944 iliwataka waajiri wenye wafanyakazi 20 au zaidi watenge asilimia tatu ya nafasi kwa walemavu waliosajiliwa. Baadaye kazi mbili zikatengwa kwa ajili yao: kuendesha lifti za abiria na kulinda maegesho ya magari. Mfumo huo wa asilimia ulidumu hadi miaka ya 1990, ulipoondolewa na sheria ya 1995 ya kupinga ubaguzi.

Kenya, iliyokuwa koloni wakati huo, ilipitia njia hiyo hiyo. Kituo cha Thika kilichoanzishwa na Jeshi la Wokovu mnamo 1946, ambacho baadaye kilikuja kuwa shule mashuhuri ya wasioona, kilianza kwa lengo la kuwasaidia watu waliopofuka katika Vita Vikuu vya Pili.

Baada ya uhuru, serikali ilichapisha Waraka Nambari 5 wa 1968 kuhusu utunzaji na urekebishaji wa walemavu. Waraka huo ndio uliofungua njia ya kujengwa kwa kituo cha viwanda jijini Nairobi na vituo vya ufundi mashambani, vikiwemo vya Machakos, Embu, Kericho, Kisii na Bura katika eneo la Taita. Mashirika ya hiari nayo hayakubaki nyuma. Chama cha Walemavu wa Viungo nchini, APDK, kilichoanzishwa mnamo 1958, kilifungua karakana ya Bombolulu mjini Mombasa mnamo 1969. Humo, watu wenye ulemavu wamekuwa wakitengeneza mapambo, bidhaa za ngozi, nguo na vinyago vya kuuzwa nchini na ng'ambo.

Juhudi hizo zilibadilisha maisha ya wengi, na si haki kuzibeza. Hata hivyo, zilirithi dhana ya askari: mtu mzima wa kiume, aliyekuwa na kazi kabla ya kuumia, mwenye mke wa kumtunza nyumbani, na anayeweza kuishi bwenini kwa mwaka mmoja au miwili bila kuacha mtoto nyuma. Mwanamke alipokuja baadaye, alikaribishwa katika nyumba ambayo haikujengwa kwa kipimo chake.

Mlango wa ajali kazini

Jambo la kwanza la kuuliza ni hili: nani hufikiwa na huduma baada ya kupata ulemavu?

Njia iliyonyooka zaidi ni ya mfanyakazi aliyeumia kazini. Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya 2007 humpa mfanyakazi aliyepata ulemavu wa kudumu fidia inayokokotolewa kwa msingi wa mapato ya miezi 96. Kwa hivyo, kadri mshahara ulivyokuwa mkubwa, ndivyo fidia inavyokuwa nono.

Chukua mfano wa wafanyakazi wawili waliokadiriwa kuwa na ulemavu wa asilimia 50. Mmoja ni fundi wa mitambo anayelipwa Sh30,000 kwa mwezi, na mwingine ni mfungaji wa bidhaa anayelipwa Sh15,000. Kwa hesabu ya miezi 96, wa kwanza atastahili Sh1,440,000, na wa pili Sh720,000. Jeraha ni moja, lakini mtaji wa kuanzia maisha mapya umepungua kwa nusu. Kwa kuwa wanawake wengi hukusanyika katika kazi za malipo duni, hasara hiyo huwaelemea wao zaidi.

Hata huyo wa pili ana afadhali. Mwanamke anayelima shamba la familia, anayechuuza mboga kando ya barabara au aliyeungua mafuta ya taa yalipolipuka jikoni mwake hana mwajiri wa kumlipa. Aliyepata ulemavu kutokana na matatizo ya kujifungua naye hana fomu ya kujaza. Kazi yake haikuhesabiwa kuwa kazi alipokuwa mzima, na kupotea kwake hakuhesabiwi kuwa hasara.

Mlango mwingine ni wa usajili. Ili kupata misaada ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, mhusika huhitajika kukaguliwa na madaktari wa hospitali ya serikali na kusajiliwa. Jambo hilo hudai nauli, kitambulisho, na mara nyingi mtu wa kumsindikiza. Katika familia isiyojiweza, swali la nani apewe nauli huamuliwa na mwenye mfuko. Mvulana mlemavu huonekana kama mtu atakayehitaji kulisha jamii siku moja. Msichana mlemavu huonekana kama mtu wa kulindwa nyumbani, na papo hapo hupewa kazi ya kulea wadogo zake na kupika.

Shirika la Kazi Duniani, ILO, limekuwa likieleza kwa miaka mingi kwamba wanawake wenye ulemavu hawapati nafasi sawa na wanaume ya kuelekezwa katika mafunzo ya ufundi, na kwamba hata wakihitimu, uwezekano wao wa kuajiriwa huwa mdogo.

Siasa ya cherehani

Kwa wale wanaofika chuoni, uchaguzi wa kozi ndio mtihani wa pili. Mgawanyo uliozoeleka unajulikana: wanaume hupelekwa kwenye useremala, uchomeleaji wa vyuma na utengenezaji wa viatu, wanawake hupelekwa kwenye ushonaji wa nguo, ufumaji wa sweta na ususi.

Hakuna ubaya katika ushonaji wenyewe. Wapo mafundi wengi, wake kwa waume, walioinua familia kwa sindano na uzi. Ubaya ni pale kozi inapochaguliwa kwa kutazama jinsia ya mwanafunzi badala ya kipawa chake, hali ya mwili wake na soko linalomsubiri.

Tuanze na mwili. Cherehani iliyoenea nchini ni ile ya kukanyagwa kwa miguu. Msichana aliyepooza miguu kutokana na polio hupewa ushonaji kwa sababu ni kazi ya kuketi, kisha hugundua kwamba hawezi kuiendesha cherehani hiyo. Ni lazima itiwe mpini wa kuzungushwa kwa mkono au mota ya umeme. Mpini humnyima mkono mmoja ambao mwenzake huutumia kuongozea kitambaa, hivyo kasi yake hushuka. Mota nayo hudai umeme na bili ya kila mwezi. Akihitimu na kukabidhiwa cherehani ya kawaida kama zawadi ya kuanzia kazi, amepewa chombo asichoweza kukitumia.

Kisha kuna soko. Tangu biashara ilipofunguliwa katika miaka ya 1990, nguo za mitumba zimefurika nchini na viwanda vingi vya nguo vikafungwa. Fundi wa mtaani hawezi kushona rinda kwa bei ya lile linalouzwa kwenye rundo la mitumba. Kilichobakia kwake ni kurekebisha nguo, sare za shule, na nguo za arusi na sherehe. Sare za shule, ambazo zina soko la uhakika, huhitaji mtaji wa kununua vitambaa kwa wingi na uwezo wa kungoja malipo. Hayo ni mambo mawili ambayo mhitimu asiye na shamba wala nyumba ya kuweka rehani huwa hana.

Ufundi wa mbao na vyuma nao una changamoto zake, lakini sekta ya ujenzi huendelea kuuhitaji. Kwa hivyo, wanafunzi wawili wanaweza kutoka chuo kimoja siku moja, wakiwa na vyeti vya kiwango kimoja, ilhali mmoja ametayarishwa kwa soko linalokua na mwingine kwa soko linalosinyaa. Takwimu za usajili hazitafichua ukosefu huo wa usawa. Zitasema tu kwamba wavulana walikuwa kadhaa na wasichana kadhaa.

Bweni, mtoto na choo

Pete ya tatu ya mnyororo ni mazingira ya kuishi. Mwanamke mlemavu ambaye tayari ni mama hukabiliwa na swali ambalo mwanafunzi wa kiume huulizwa kwa nadra: mtoto ataachiwa nani? Panapokosekana malezi ya watoto karibu na chuo, jibu huwa ni kubaki nyumbani au kukatiza masomo.

Usalama nao si jambo dogo. Msichana asiyeona au asiyesikia yumo katika hatari kubwa ya kudhulumiwa kimapenzi, na akidhulumiwa, hupata taabu ya kuripoti panapokosekana mtu anayeielewa Lugha ya Ishara ya Kenya. Wazazi wanalijua hilo, na ndiyo maana wengine huzuia binti kwenda mbali. Ni kosa kuwalaumu kwa ujinga. Wanachouliza ni swali la busara kuhusu kufuli ya bweni, mwangaza wa njia ya chooni na kama kuna matroni usiku.

Kadhalika kuna mahitaji ambayo huhesabiwa kuwa ya aibu kuyataja: sodo, maji ya kujisafisha, na choo ambacho kiti cha magurudumu kinaweza kuingia na mlango ukafungika. Kozi nzuri haina faida kwa msichana anayekosa masomo siku kadhaa kila mwezi.

Kufaulu hupimwa vipi?

Pengine somo muhimu zaidi katika historia ya huduma hizi linatoka Marekani. Kwa miongo mingi, mpango wa serikali wa urekebishaji nchini humo ulikuwa ukifunga faili ya mteja na kumwandika kuwa amefaulu hata aliporudi nyumbani kuwa mtunza nyumba asiye na mshahara. Wengi wa walioingizwa katika orodha hiyo walikuwa wanawake. Kwenye karatasi, mpango ulikuwa umewatimizia haja yao. Kwa hakika, walikuwa wamerudi walikotoka.

Ni baada ya sheria ya 2014, na kanuni zilizotolewa mnamo 2016, ndipo iliamuliwa kwamba matokeo yatakayohesabiwa ni kazi ya malipo katika mazingira ya kawaida ya ajira. Mabadiliko hayo hayakumfurahisha kila mtu. Baadhi ya watetezi wa wasioona walihofia kwamba wazee waliohitaji tu kujifunza kuishi na upofu wangekosa huduma. Hata hivyo, mjadala huo ulithibitisha kwamba kile ambacho mfumo unakihesabu kuwa ushindi ndicho utakachokizalisha.

Nchini Kenya, ushindi mara nyingi hutangazwa siku ya mahafali, cheti na vifaa vinapokabidhiwa mbele ya wapigapicha. Swali ambalo halina budi kuulizwa ni miezi 12 baadaye: mhitimu anafanya kazi? Anapata kiasi gani? Cherehani bado iko mikononi mwake, au iliuzwa kulipia karo, au mumewe ndiye mwenye pesa zake?

Sheria zipo

Si kweli kwamba Kenya imekosa sheria. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003 iliunda Baraza la Kitaifa, ikapiga marufuku ubaguzi kazini na kulenga kutengwa kwa asilimia tano ya nafasi. Pia iliunda hazina ya kusaidia watu wenye ulemavu, na kumruhusu mwajiri wa kibinafsi aliyewaajiri kupunguziwa mapato yanayotozwa kodi kwa kiasi cha asilimia 25 ya mishahara aliyowalipa.

Kenya iliidhinisha Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mnamo Mei 2008. Kifungu cha 6 cha mkataba huo kinakiri kwamba wanawake na wasichana wenye ulemavu hubaguliwa kwa njia zaidi ya moja. Cha 26 kinazungumzia urekebishaji, na cha 27 haki ya kufanya kazi. Kisha Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 27, ikapiga marufuku ubaguzi kwa misingi ya jinsia, ujauzito, hali ya ndoa na ulemavu, na katika Kifungu cha 54 ikaorodhesha haki za watu wenye ulemavu.

Mnamo Mei 2025, Rais William Ruto alitia saini Sheria mpya ya Watu Wenye Ulemavu, iliyochukua nafasi ya ile ya 2003. Mswada wake uliwasilishwa na Seneta Maalum Crystal Asige, ambaye mwenyewe ana ulemavu wa macho. Sheria hiyo inawataka waajiri wenye wafanyakazi wasiopungua 20 kutenga asilimia tano ya nafasi za kazi.

Tatizo ni kwamba hesabu hiyo inaweza kutimizwa bila mwanamke hata mmoja. Kampuni yenye wafanyakazi 100 ikiajiri wanaume watano wenye ulemavu, itakuwa imetimiza asilimia tano. Ikiajiri wanawake 40 wasio na ulemavu, itakuwa imetimiza pia matakwa ya jinsia. Vitabu vyake vitakuwa safi, na mwanamke mlemavu atakuwa bado nje ya lango.

Hali ni hiyo hiyo katika nafuu za kodi. Mtu mwenye ulemavu aliyesajiliwa na kupewa cheti husamehewa kodi kwa mapato ya hadi Sh150,000 kwa mwezi. Ni nafuu ya maana kwa mwenye mshahara mzuri. Haina maana yoyote kwa mwanamke anayepata Sh300 kwa siku akiuza karanga.

Hoja ya wanaume

Wapo watakaosema kwamba mjadala huu unawasahau wanaume wenye ulemavu, ambao nao hukosa kazi kwa wingi. Hoja hiyo ina uzito. Ripoti za Tume ya Utumishi wa Umma zimeonyesha mara kwa mara kwamba kiwango cha asilimia tano hakijafikiwa serikalini, na wanaokosa ni wa jinsia zote. Isitoshe, mwanamume mlemavu asiye na kazi hubeba fedheha ya kuitwa mtu asiyeweza kulisha nyumba yake.

Lakini marekebisho yanayomfaa mwanamke humfaa pia mwanamume. Kozi iliyochaguliwa kwa kipawa humruhusu mvulana kusomea ususi au upishi akitaka. Kituo cha kulea watoto humsaidia baba mjane. Mafunzo yanayopelekwa kijijini humfikia kila asiyeweza kuabiri matatu yenye utingo anayekataa kiti cha magurudumu.

Hatua zinazowezekana

Baadhi ya hatua hazihitaji hata sheria mpya. Kwanza, kila ripoti ya Baraza, ya vyuo na ya waajiri iweke ulemavu na jinsia katika jedwali moja, ili ionekane ni wanawake wangapi walioingia, walihitimu kozi gani na wangapi wako kazini mwaka mmoja baadaye.

Pili, mwanafunzi aonyeshwe kozi zote na apewe nafasi ya kuzijaribu kabla ya kuchagua, na vifaa atakavyokabidhiwa vilingane na ulemavu wake. Tatu, vyuo vitenge fedha za malezi ya watoto na usalama wa mabweni, kama vinavyotenga za mbao na vitambaa. Nne, mafunzo yapelekwe karibu na makazi kwa wale wasioweza kusafiri, na yaambatane na mtaji na masomo ya biashara.

Tano, walezi wakumbukwe. Mpango wa serikali wa kuwapa watu wenye ulemavu mkubwa Sh2,000 kwa mwezi hupitishia pesa hizo kwa mlezi, ambaye kwa kawaida huwa ni mama au nyanya. Mwanamke huyo naye huwa ameacha kazi, na hakuna anayemfikiria katika mipango ya kumrejesha.

Hatua ya kwanza ndiyo rahisi kuliko zote, kwani inahitaji safu moja tu ya ziada katika fomu ambazo tayari hujazwa. Safu hiyo haitamwajiri mtu. Hata hivyo, itamwondolea kila afisa kisingizio cha kusema kwamba hakujua wanawake hao wako wapi.